Mkono Konde na Mkono Kamili: Historia ya Kupima Ugumu wa Mshipa wa Fahamu

Zamani, kabla rula na mizani za chuma hazijaenea katika maduka ya pwani yetu, nguo ilipimwa kwa mwili wa mwanadamu: shibiri ilikuwa urefu wa kiganja kilichotanuliwa, toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, mkono ulianzia kwenye kisukusuku, wari ulikuwa mikono miwili, na pima ilikuwa mikono minne, yaani urefu wa mtu aliyeitandaza mikono yake yote miwili kama ndege atakaye kuruka. Wazee wetu walijua vema kwamba mikono ya watu haitoshani, na walijua pia kwamba hata mkono wa mtu mmoja hubadilika kwa namna anavyoukunja. Kwa hiyo walitenga mkono konde, ambao huishia kwenye ngumi iliyofumbwa, na mkono kamili, ambao huishia kwenye ncha ya kidole cha kati, na mnunuzi mwenye hadhari aliuliza kwanza ni mkono upi ndipo akauliza bei. Kadhalika nafaka: kibaba cha mfuto kilifutwa kikawa sawasawa na ukingo wake, na kibaba cha tele kilirundikwa hata kikafanya kilima; chombo kile kile, mchele ule ule, lakini kadiri mbili mbalimbali.

Nimetanguliza habari ya vipimo hivi kwa kuwa ninayotaka kuisimulia ni historia ya kipimo kingine kilichozaliwa mkononi, nacho ni kipimo cha ugumu wa mwili, na hasa ugumu wa mshipa wa fahamu, ule uzi mweupe upelekao amri ya kutenda kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo na kurudisha huko habari ya maumivu, ya joto na ya mguso. Leo ugumu huo hupimwa kwa mashine ya altrasaundi kwa fani iitwayo elastografia, na jawabu hutoka katika kioo kwa rangi na tarakimu, likionekana kama jambo lililokwisha kukatwa shauri. Matabibu waadilifu, hata hivyo, wanaendelea kuulizana kama tarakimu hiyo yaaminika: je, mtu yule yule akipimwa kesho, au akipimwa leo na mkono mwingine, itatoka ile ile? Swali hili halikuzaliwa na mashine. Ni la tangu tabibu wa kwanza alipoweka vidole vyake juu ya uvimbe wa mgonjwa akasema kwamba hapa pagumu.

Ushahidi mkongwe wa kazi hiyo umo katika gombo la mafunjo linaloitwa kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyelinunua katika mji wa Luxor, Misri, mwaka 1862. Gombo hilo, lililonakiliwa yapata miaka 1600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa kutoka maandishi ya kale zaidi, lina habari za wagonjwa 48, wengi wao majeruhi, na ndani yake tabibu huelekezwa tena na tena aweke mkono wake juu ya jeraha au uvimbe, apapase, aangalie kama mna joto au baridi, kisha ndipo atamke kama maradhi hayo yatibika au hayatibiki. Wayunani walikuja baadaye wakaifuata njia iyo hiyo. Katika kitabu cha kubashiri mwisho wa maradhi, kinachonasibishwa kwa Hippocrates, uvimbe mgumu wenye maumivu huhesabiwa kuwa wa hatari kuliko uvimbe ulio laini. Na Abu Ali Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipoandika katika kitabu chake cha Kanuni juu ya mpigo wa mshipa wa damu, hakutosheka na kuhesabu mapigo peke yake, bali aliutaja pia ugumu na ulaini wa ukuta wa mshipa wenyewe kuwa moja katika sifa kumi ambazo kidole cha tabibu hudaiwa kuzitambua.

Yatupasa tuiheshimu elimu hiyo, kwa maana iliokoa watu wengi, lakini tusiufiche upungufu wake: ugumu ulioonwa na kidole cha bwana haukuweza kuandikwa katika karatasi ukasomwa na kidole cha mwanafunzi. Tabibu aliyesema gumu, laini, gumu kidogo, alitoa hukumu ambayo mizani yake aliibeba mwenyewe katika ngozi ya vidole vyake, na alipokufa alizikwa nayo.

Maradhi yaliyoufanya mshipa wa fahamu uwe jambo la kushikwa kwa vidole ni ukoma. Mwaka 1847 Daniel Cornelius Danielssen, tabibu wa Bergen katika nchi ya Norwei, akishirikiana na Carl Wilhelm Boeck, alitoa kitabu kikubwa kilichoeleza ukoma kwa tafsili ambayo haikuwahi kupatikana kabla yake, na mumo humo yalielezwa madhara yake katika mishipa ya fahamu. Kisha mwaka 1873, katika mji uo huo, Gerhard Armauer Hansen alikiona kijidudu chenyewe. Tangu hapo ilithibitika kwamba kijidudu hicho hupenda kukaa katika mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi, ikavimba, ikanenepa na kukakamaa, na hata leo mshipa ulionenepa ni moja katika dalili tatu kuu za maradhi hayo, pamoja na baka lisilohisi na vijidudu kuonekana katika sampuli ya ngozi.

Kwetu Afrika Mashariki elimu hii ilishuka hata zahanati za vijijini, na Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, kupapasa mishipa kulikuwa katika kazi ambazo mhudumu hana budi kuzijua. Mtazame mhudumu huyo akiwa kazini. Amekaa akimkabili mgonjwa, ameushika mkono wa mgonjwa kwa mkono wake mmoja na kuukunja kidogo, na kwa vidole vya mkono wa pili anatafuta nyuma ya kile kifupa cha ndani cha kisukusuku, mahali ambapo mtu akijigonga husikia ganzi ikimpiga mpaka kidole cha mwisho. Mshipa unateleza chini ya vidole vyake kama uzi wa mshipi uliolowa. Anaupapasa wa kuume, anaupapasa wa kushoto, anaulinganisha huu na huu. Na muda wote macho yake hayatazami mkono, yanautazama uso wa mgonjwa, kwa sababu uso hutangulia kusema kabla ulimi haujakiri maumivu. Ni kazi ya kupendeza kuitazama, yenye adabu na huruma ndani yake. Lakini wahudumu wawili walio hodari sawasawa waweza kuushika mshipa ule ule, mmoja akaandika kwamba umenenepa na wa pili akaandika kwamba u mzima, wala hapakuwa na kadhi wa kuamua baina yao.

Kadhi huyo alitafutwa katika elimu ya maumbile. Robert Hooke alikuwa amekwisha kutangaza mwaka 1678 kwamba kitu chenye kunepa hunepa kwa kadiri ya nguvu inayokivuta, na Thomas Young, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807, aliieneza fikra ya kuupa ugumu wa kila kitu kipimo chake maalumu, ambacho hata leo kinaitwa kwa jina lake. Mwaka 1880 ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za namna fulani zikibanwa hutoa umeme. Na kinyume chake, ambacho kilithibitishwa baada ya muda mfupi, ni kwamba zikipewa umeme hutikisika. Kutokana na mtikiso huo ilipatikana sauti kali isiyosikika na masikio ya mwanadamu, ambayo Paul Langevin aliitumia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kutafuta nyambizi baharini. Baada ya vita ya pili Ian Donald, tabibu wa uzazi katika mji wa Glasgow, aliona mashine za sauti hiyo zilizokuwa zikitumiwa viwandani kutafuta nyufa katika chuma, akapeleka huko uvimbe uliokatwa kutoka kwa wagonjwa ili aujaribu, na mwaka 1958, pamoja na mwenzake John MacVicar na mhandisi Tom Brown, alitangaza picha za matumbo ya watu walio hai.

Picha hizo zilikuwa neema kubwa, lakini zilionyesha umbo wala hazikuonyesha ugumu, kwa maana vitu viwili vyaweza kurudisha sauti kwa namna moja, kimoja kikiwa laini na cha pili kikiwa kigumu. Ndipo mwaka 1991 Jonathan Ophir na wenzake wa Houston, Marekani, walipoieleza njia yao na kuipa jina la elastografia: piga picha, bana mwili kidogo, piga picha ya pili, kisha tazama ni sehemu ipi iliyobonyea sana na ipi iliyokataa kubonyea. Msomaji ataona kwamba hiki ni kitendo kile kile cha tabibu wa Misri, ila kimepewa macho ya kuona ndani ya ngozi. Na ilipofika katika zahanati, aghalabu aliyebana alikuwa ni mtu kwa mkono wake, huyu akibana kwa nguvu na yule kwa upole, hata likarudi lile lile shauri la kibaba cha mfuto na kibaba cha tele.

Ili kuutoa mkono katika hesabu, wataalamu waligeukia njia nyingine, ambayo kwayo jina la Armen Sarvazyan lilijulikana mwaka 1998, na kisha mwaka 2004 wataalamu wa Paris, Jérémy Bercoff, Mickaël Tanter na Mathias Fink, waliifikisha mahali pa kutumika kwa wepesi. Mashine yenyewe hutuma sauti iliyokusanywa mahali pamoja ndani ya mwili, nayo sauti hiyo husukuma nyama kwa kiasi kidogo mno. Kutoka hapo huondoka wimbi la mtikiso, likienda upande, na mashine hulifuata kwa kupiga maelfu ya picha katika sekunde moja. Mwenye kutaka kulifahamu wimbi hilo na akumbuke kamba ya demani katika chombo cha tanga: ikiwa imelegea, ukiitikisa ncha moja mtikiso hutambaa polepole; ikiwa imekazwa na upepo, mtikiso hukimbia. Sauti ya altrasaundi huenda mwilini yapata mita 1,540 kwa sekunde, lakini wimbi hili la mtikiso huenda mita chache tu, na kadiri tishu ilivyo ngumu ndivyo linavyokwenda mbio. Hesabu yake ni nyepesi: kasi huzidishwa kwa yenyewe, kisha kwa uzito wa tishu kwa ujazo wake, kisha kwa tatu. Kasi ya mita 2 kwa sekunde hutoa ugumu wa kilopaskali 12, na kasi ya mita 4 hutoa 48.

Katika ini, ambalo ni pana na lenye tabia moja kila upande, fani hii ilipata sifa inayostahili. Wengine wakaipeleka kwenye mshipa wa fahamu, na hasa ule wa kati unaopita katika kijia chembamba cha kifundo cha mkono, ambao ukibanwa huleta ganzi na maumivu ya usiku. Mwaka 2014 wataalamu wa Kituruki, Fatih Kantarci na wenzake, walitangaza kwamba kwa wagonjwa 37 wa maradhi hayo wastani wa ugumu ulikuwa kilopaskali 66.7, na kwa watu wazima wa afya ulikuwa 32.0, na kwamba mpaka wa 40.4 uliwatenga wagonjwa na wasio wagonjwa kwa usahihi mkubwa. Baadaye ilionekana pia kwamba mshipa wa mguu wa baadhi ya wenye kisukari hukakamaa, na matumaini yakapanda kwamba dalili ingepatikana mapema kabla kidonda hakijaupata mguu usiohisi. Mwenye kuwajua watu waliokatwa miguu kwa sababu ya kisukari hawezi kuyadharau matumaini hayo.

Lakini mshipa wa fahamu si ini. Upana wake ni milimita chache, na nyuzi zake zimelala upande mmoja kama nyuzi za ukambaa, hata wimbi likienda kwa urefu wake hukimbia, na likikata kwa upana wake hutoa tarakimu nyingine kabisa. Ile hesabu nyepesi ya kuzidisha kwa tatu imejengwa juu ya kitu kipana chenye tabia moja pande zote, na kuutia mshipa mwembamba ndani yake ni kuupima kwa sharti usilolitimiza. Tena kosa dogo la kasi hukua likigeuzwa kuwa ugumu: ukikosea kasi kwa sehemu 10 katika 100, utakuwa umekosea ugumu kwa yapata sehemu 20.

Juu ya hayo kuna mkao. Jane Greening na Andrew Dilley walionyesha mwaka 2017 kwamba ugumu uliopimwa katika mshipa wa kati na katika mshipa wa mguu huongezeka kiungo kinapowekwa katika mkao unaouvuta mshipa. Ni demani ile ile, haikuugua, imekazwa tu. Basi mtazame na mpimaji huyu wa pili kama tulivyomtazama yule mhudumu wa ukoma. Mkono wa mgonjwa umelala juu ya mto, kiganja kikitazama juu, jeli imepakwa, kichwa cha mashine kimesimama juu ya ngozi, na katika kioo mshipa unaonekana kama sega dogo la asali lililokatwa, kisha kichwa kikigeuzwa unakuwa mkanda wenye mistari. Mpimaji amejizuia asikandamize, bali ameuacha uzito wa kichwa uelee juu ya jeli, maana akikandamiza mshipa utabanwa juu ya mfupa na tarakimu itapanda. Mgonjwa, kwa adabu, anainua vidole vyake kidogo apate kuona kioo. Rangi inabadilika: mahali palipokuwa buluu pameingia kijani. Hapana maradhi yaliyoingia, vidole vimeinuka.

Hapo ndipo elimu ya hesabu ilipoitwa kutoa hukumu. R. A. Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1925, aliieleza namba ya kuonyesha jinsi vipimo vya kundi moja vinavyoshabihiana; Patrick Shrout na Joseph Fleiss mwaka 1979 waliipanga kwa matumizi ya wapimaji wengi; na leo namba hiyo ikizidi 0.9 watu husema kipimo ni bora kabisa, na ikiwa chini ya 0.5 husema hakifai kitu. Kwa msomaji wa Kiswahili si fikra ngeni. Sharia ilipotaka mashahidi wawili waadilifu haikuwadhania uwongo. Ilijua kwamba jicho moja laweza kukosea, na kwamba mapatano ya macho mawili yasiyopanga shauri pamoja ni dalili yenye nguvu. Ndiyo maana wapimaji katika uchunguzi mwema hufichwa majawabu, huyu asijue aliloandika yule, na mgonjwa huondolewa kitandani akarudishwa upya, ili mkao wake nao utiwe katika mtihani.

Hata namba hiyo yaweza kuhadaa. Ukiwakusanya pamoja wagonjwa mahututi na vijana wazima, tofauti zao kubwa zitawafanya wapimaji waonekane wamepatana vema kuliko walivyopatana kweli. Kwa hiyo Martin Bland na Douglas Altman, mwaka 1986, waliwahimiza matabibu waichore tofauti ya kila jozi ya vipimo, ili ijulikane wapimaji wanatofautiana kwa kiasi gani katika kipimo chenyewe, si kwa jina la bora au hafifu tu. Na lipo jambo kubwa kuliko yote, ambalo wauza nafaka wetu walilijua. Kibaba kilichotiwa kitako kinene kwa hila hutoa kadiri ile ile leo na kesho, kwa mpimaji huyu na kwa mpimaji yule. Kwa kupatana hakina kasoro, na kila siku kinamdhulumu mnunuzi. Kupatana kwa vipimo ni nusu ya uaminifu. Nusu ya pili ni kuwa kinachopimwa ndicho kile kilichotajwa. Ugumu ulioandikwa kwenye kioo waweza kuwa ugumu wa mshipa, au mkazo wa mkao, au uzito wa mkono uliokandamiza, na vyote vitatu vyaweza kujirudia kwa uthabiti ule ule.

Tukiitazama njia yote hii, kutoka mafunjo ya Misri hata kioo chenye rangi, twaona kwamba kila kizazi kilitamani kuutoa mkono wa mwanadamu katika kipimo, na kila mara mkono ulirudi kwa mlango mwingine: uliondoka kama kidole kinachopapasa, ukarudi kama kiganja kinachobana, ukaondolewa tena, ukarudi kama uzito wa kichwa cha mashine na pembe ya kifundo cha mgonjwa. Siamini kwamba jambo hili ni sababu ya kukata tamaa. Uchunguzi unaofanywa kwa utaratibu, mshipa ukipimwa kwa urefu wake, kiungo kikiwekwa katika mkao uliotajwa, kichwa kikiwa chepesi juu ya jeli, kipimo kikirudiwa mara kadhaa na mashine ikiwa moja, umetoa mapatano mazuri mara nyingi. Na matokeo yaliyogongana aghalabu yalitoka kwa watu ambao hawakupima kitu kimoja, ijapokuwa walikiita kwa jina moja. Kwa sababu hiyo mpaka wa 40.4 uliopatikana kwa mashine moja na mkao mmoja haupaswi kubebwa ukapachikwa juu ya mkono wa mgonjwa mwingine kwa mashine nyingine, kana kwamba ni sheria.

Wazee wa pwani hawakuweza kuifanya mikono ya watu wote iwe na urefu mmoja, wala hawakuacha kupima kwa ajili hiyo. Walifanya jambo jepesi lenye haki: waliutaja mkono kabla ya kuitaja idadi, wakasema ni konde au ni kamili, ngumi imefumbwa au vidole vimenyooka. Mwenye kuandika kilopaskali za mshipa wa fahamu amefungwa na sharti lilo hilo. Kabla ya tarakimu na aandike kifundo kilikuwa kimekunjwa au kimenyooka, kisukusuku kilikaaje, kichwa cha mashine kilielekea wapi, na vidole vya mgonjwa vilikuwa vimelala au vimeinuka. Ndipo atakayeisoma karatasi hiyo kesho, katika mji mwingine, ataweza kuuweka mkono wa mgonjwa wake kama ulivyowekwa ule wa kwanza, na kupima.